Umeambiwa Upumzike: Mwongozo kwa Mama Asiyejua Linalomngoja

Kosa la kwanza hufanyika nyumbani: mama huaga kana kwamba atarudi. Anakwenda CPN tu hapa Kisangani, kupimwa mimba kama mwezi uliopita. Sombe ameiacha haijatwangwa, mtoto mkubwa ameahidiwa andazi, na mkononi ana karatasi ya kliniki pamoja na nauli ya kurudia ya toleka, baiskeli ya abiria. Saa nne asubuhi mkunga anamfunga kitambaa cha kupimia tansio, presha ya damu, anapuliza, anasikiliza. Anapuliza tena. Anahamia mkono wa pili. Mdogo wangu, mkunga akipima mara ya tatu kisha akamwita mwenzake bila kukutazama usoni, acha kuwaza sombe. Anza kuwaza ni nani atakayeitwanga.

Namba za kukariri ni 140 juu ya 90. Ukizifikia, na kile kijikaratasi cha kuchovya kikaonyesha protini kwenye mkojo, hutoki tena siku hiyo. Wenzako huingia kwa milango mingine: damu inayotoka bila maumivu kwa kuwa kondo limejikalia mlangoni, chupa iliyopasuka kabla ya miezi kutimia, mlango wa kizazi ulioanza kufunguka mapema, mapacha wasio na subira. Mwisho wa yote ni kitanda kimoja, na kwenye faili daktari ataandika kwamba mama yuko kwenye repo, yaani mapumziko. Ukiisikia hiyo repo usidhani umepewa likizo.

Hospitali itakupa kitanda, na mara nyingi godoro. Mengine yatoke kwenu: shuka, beseni, ndoo, bidoni mbili za maji, mbabula na makala yake, sufuria, sabuni, tochi, na chandarua, maana kile cha wodini huenda kina matundu ambayo mbu wa Kisangani wanayajua kuliko wauguzi. Glavu na sindano utaandikiwa kwenye oridonansi, na mtu wa kwenu atakwenda kuzinunua. Kupumzika ni kazi ya watu wengi, na wewe peke yako ndiwe usiyeruhusiwa kuifanya.

Kwa hiyo kabla ya dawa, tafuta gadimaladi. Huyu ndiye atakayelala kwenye mkeka kati ya kitanda chako na cha jirani, apike uani, achote maji, akimbilie famasi, na kukuamsha usiku kuuliza kama umelala. Watu humchagua vibaya. Humchukua anayempenda mgonjwa kuliko wote, yaani mama mzazi, na mama mzazi kazi yake ni kulia pembeni ya kitanda hadi tansio ipande. Dada wa mume naye mwogope: atakupikia vizuri, lakini kila usemalo litafika kwa kaka yake kabla sufuria haijapoa. Unayemtaka ni mama mdogo au shangazi aliyekwisha kulea wakwe zake, anayejua kugombana kwenye foleni ya maji, anayehesabu chenji mbele ya muuzaji, na ambaye usingizi wake ni mwepesi. Akishafika usimwamrishe. Usimalize chakula chote kwenye sahani, kwa sababu anachokula yeye ni kile unachobakiza.

Mwaka 1958, mji huu ukiitwa bado Stanleyville, Hollywood ilikuja hapa kupiga The Nun's Story, Audrey Hepburn akiwa mtawa muuguzi. Basi uchovu wa muuguzi umeshapata filamu yake. Wa gadimaladi bado uko kwenye mkeka.

Sasa kitanda. Utaambiwa ulale ubavu wa kushoto, na sababu yake ni ya kweli: ukilala chali, uzito wa mimba unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, nao uko upande wa kulia wa uti wa mgongo. Shida ni kwamba wodi nzima imeambiwa vilevile. Kama vitanda vimepangwa safu moja, wote mnatazama upande mmoja, na baada ya muda utakuwa unaijua misuko ya jirani yako kuliko sura yake. Mazungumzo yanapita toka kisogo hadi kisogo. Mama wa mwisho, aliyeelekezwa ukutani, anasema na rangi ya ukuta, na akichekeshwa na jambo hamjui kama ni lenu. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, usitazame godoro wala umbali wa choo. Simama miguuni pa kitanda, hesabu kushoto ni wapi ukiwa umelala, na uchukue chenye dirisha upande huo. Ukiona mango na wapita njia, siku itakwenda. Ukikosa dirisha, chukua kinachotazama mlango. Utaona nani anakuja, na utapata muda wa kujifanya umesinzia.

Muda huo utauhitaji, kwa sababu ya wageni. Watu wa Kisangani hawamwachi mgonjwa. Watakuja kwa toleka na kwa pikipiki, watavuka na mitumbwi, watakuja watu wa kanisa, wa mtaa, wa likelemba, ule mchango wa zamu, na yule mliyegombana naye mwaka juzi, ambaye amekuja kuhakikisha. Wanaoleta lituma ya moto wapokee. Wanaoleta samaki wapokee kwa mikono miwili. Mwogope anayekuja mikono mitupu na hadithi, maana hadithi yake ni moja tu: mwanamke fulani, tumbo kama lako, tansio kama yako, kitanda kama hiki. Huanza na "Mungu apishie mbali" na kumalizia makaburini. Mpe gadimaladi ruhusa ya kumkumbusha kwamba mvua inakuja. Hapa mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hivyo si uongo mkubwa.

Mama mkwe ni sura ya peke yake. Atataka kujua kwa nini yeye alizaa wote bila kulala hata siku moja, na nani katika ukoo wenu ana ugonjwa huu wa kuvimba miguu. Mjibu kwa heshima, "Ndiyo, mama," na usieleze protini. Ila sharti moja: usikubali kupimwa tansio mara tu anapoondoka. Hilo si mzaha. Kipimo cha kweli kinataka mtu awe ametulia kwa dakika tano hivi, miguu haijapishana, mkono ukiwa usawa wa moyo. Mkunga mwenye haraka atakifunga huku bado unatetemeka na maneno ya ukoo, na namba itakayotoka itakuongezea dawa ya mkweo.

Asubuhi kuna ziara ya madaktari, na hapo ndipo wengi hushtuka. Mji huu una chuo kikuu tangu 1963, kina kitivo cha tiba, na wanafunzi wake sharti wajifunzie mahali. Mahali penyewe ni tumbo lako. Watakizunguka kitanda na makoti meupe. Mmoja atatafuta kichwa cha mtoto, wa pili mgongo, wa tatu atatafuta alichokipata wa kwanza. Daktari mkuu atakusalimia kwa Kiswahili, atamtania gadimaladi kwa Lingala, kisha atageukia wanafunzi kwa Kifaransa. Zile habari zako zote ziko kwenye Kifaransa. Usione haya. Ngoja wamalize, halafu uliza, "Dokta, mmesema nini juu yangu?" Ukiuliza kwa upole mbele ya wanafunzi, atalazimika kueleza, na mara nyingi ataeleza vizuri. Wale wanafunzi nao usiwadharau. Yule mwoga wa nyuma kabisa, aliyekuomba radhi kabla ya kukugusa, ndiye atakayerudi jioni kukupima tena kwa sababu hakuelewa, na akirudi muulize yote uliyoogopa kumuuliza mkubwa wake.

Kuhusu chakula, wodi nzima itakuhubiria chumvi. Sombe itakuja bila chumvi, samaki bila chumvi, na wewe utakula ukiwa na huzuni na fadhila. OMS, shirika la afya duniani, haipendekezi kupunguza chumvi kwa ajili ya kuzuia tansio ya mimba. Kinachohesabika zaidi katika nchi zenye uhaba wa maziwa ni kalsiamu. Lakini mkubalie muuguzi, ule kilichopo, na uombe daktari mwenyewe aiandike hiyo kalsiamu. Jambo la kuacha kweli ni mabele, ule udongo wa sokoni unaousaga kwa meno ukidhani hakuna akuonaye. Unazidi kuikausha damu yako, na damu hapa haitoki kwenye friji tu: ikihitajika, familia itatakiwa ilete watu wa kutoa, na usiku wa manane ndugu wengi huwa ghafla na malaria. Fanya orodha ya wenye damu mapema, kabla hujaihitaji, na uwape soda wangali na shukrani.

Wachungaji watakuja alfajiri. Yupo anayeomba kwa sauti ya chini na kwenda zake, mwombee naye. Yupo mwingine, wa kanisa la uamsho, ambaye ataitazama miguu yako iliyovimba na kumtafuta mlozi, na kwa desturi mlozi hupatikana miongoni mwa wanawake wazee wasio na mtetezi, labda huyohuyo shangazi aliyekuchotea maji jana. Hapo usinyamaze. Sema mbele ya watu kwamba ugonjwa huu madaktari wanaujua, kwamba unaanzia kwenye kondo la nyuma, na kwamba unawapata wanawake wa Ubelgiji pia, huko ambako shangazi yako hajafika.

Kuna sindano moja ya kujiandalia. Tansio ikipanda sana, au ukianza kuona nyota mchana, watakupa magnesiamu ili kuzuia kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii inapunguza hatari ya kifafa kwa nusu. Haukueleza jinsi inavyochoma. Ikipita mshipani utahisi joto kama umeshikwa na moto wa ndani, na ikichomwa makalioni, gramu 5 kila upande, utasahau ubavu wa kushoto na wa kulia pia. Baada ya hapo mtu atakuja kugonga goti lako. Usicheke wala usifikiri wanacheza. Dawa hii ikizidi mwilini, goti huacha kuruka, kisha pumzi hufuata. Kwa hiyo kabla ya kila dozi wagonge goti, wahesabu pumzi na wapime mkojo uliotoka. Wakisahau, wakumbushe wewe. Gadimaladi mzuri hujifunza hili haraka, nami nimemwona mmoja aliyemzuia muuguzi wa zamu mlangoni: "Goti kwanza."

Dalili hizi hazina utani, na uziseme saa hiyohiyo, hata kama muuguzi amelala na hata kama ulimsumbua saa moja iliyopita: kichwa kuuma kusikokoma, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla, damu, maji kuvuja, mtoto kupunguza kucheza. Mwite kwa sauti. Aibu ya kuamsha mtu bure hupona.

Usiku utajifunza mambo ya umeme. Mji una kituo chake kwenye maporomoko ya mto Tshopo, ukilala utawasikia watu wakikisifia, lakini mashine zake ni za zamani na SNEL, kampuni ya umeme, hugawa ilichonacho. Giza likiingia, na hapa karibu na ikweta huingia saa kumi na mbili jioni bila kujali msimu, tochi ya simu yako inakuwa mali ya wodi. Ichaji kila umeme unaporudi. Itatumika kutafutia mshipa wa mtu usiyemjua.

Na mvua. Paa ni la bati, na mvua ya Kisangani haina adabu. Mkunga huusikiliza moyo wa mtoto kwa kile kipembe ambacho Mfaransa Adolphe Pinard alikibuni mwaka 1895, nacho ni chombo kizuri sana, hakili umeme wala betri, kinataka sikio na kimya tu. Mvua ikianza, mkunga anainuka, anakaa kwenye ukingo wa kitanda, na wote mnangoja. Hakuna anayejua habari za mtoto yeyote hadi mawingu yamalize. Wakati huo weka mkono tumboni, uhesabu anavyocheza. Kama amelala, kunywa kitu kitamu, ulale kushoto, uhesabu tena.

Sasa nikuambie jambo ambalo usilirudie mbele ya daktari kwa sauti ya ushindi. Huko kulala kwenyewe, kulala kama gogo mchana na usiku, hakuna aliyethibitisha kwamba kunatibu. OMS iliandika mwaka 2011 kwamba haipendekezi repo kali ya kitandani kwa mama mwenye tansio ya mimba, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba mama au mtoto anafaidika. Misuli inalegea, damu inaweza kuganda miguuni. Muulize daktari kwa adabu kama unaweza kwenda chooni kwa miguu na kutembea barazani kidogo. Mara nyingi, isipokuwa kwa mwenye damu au jambo jingine la hatari, atasema ndiyo, maana anayajua hayo kuliko wewe.

Basi wanakushikia nini? Wanakushikia mto. Tazama ramani ya mji: Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na Kisangani ziko ng'ambo ya kulia, Lubunga peke yake iko kushoto, na katikati unapita mto Kongo mzima bila daraja. Kuvuka ni kwa baki, kile kivuko kikubwa, au kwa mtumbwi. Mchana hilo ni jambo la kubishana nauli. Saa nane usiku, mama anapotetemeka kwa kifafa, ni jambo la kumtafuta mwenye mtumbwi, kumwamsha, kutafuta mafuta ya injini, kumbeba mgonjwa kuteremka ukingoni, kisha kutafuta pikipiki upande wa pili. Na hao wa Lubunga wako mjini. Yupo anayetoka Opala. Yupo wa njia ya Ubundu, ambako reli ya enzi ya Mfalme Leopold ina kilomita 125 na treni huja inapojisikia. Yupo wa Banalia, kilomita 128 kaskazini, ambaye hana mto wa Kongo wa kuvuka lakini ana barabara, na wakati wa mvua sijui kipi ni bora. Tangu 2023, makabila ya Wambole na Walengola walipoanza kuuana upande wa kushoto, wapo pia waliokwisha kuvuka kwa sababu nyingine, na mimba zao hapo kitandani zimetokea kambini.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikadiria vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika nchi hii. Wenye ugonjwa kama wako hawafi kwa kukosa usingizi. Wapo wanaofia njiani, au wanaofika wakiwa wamechelewa kwa saa zilezile ambazo mtumbwi ulitafutwa. Kitandani hapa umevushwa mapema. Magnesiamu iko kabatini, chumba cha upasuaji kiko nyuma ya ule ukuta, na mtoto akibidi kutoka kabla ya wakati, wapo wa kukudunga dawa ya kukomaza mapafu yake siku mbili kabla. Ukiwaza hivyo, ubavu wa kushoto unavumilika.

Kulipa. Ulisikia redioni kwamba kuzaa ni bure, na mpango huo upo, ulianzia Kinshasa Septemba 2023. Usiuimbe wodini. Uliza hapa ulipo, leo, kipi kimelipwa na serikali na kipi chako, na uombe kila kitu kwenye karatasi, kuanzia siku ya kwanza. Weka karatasi zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki chini ya mto, na kila jioni mwambie gadimaladi akusomee jumla. Mume asisomewe kila siku, Jumamosi inatosha.

Maana katika nchi hii vitanda vya materniti ni vya aina mbili. Vipo vya amri ya daktari, ambako mama anaomba aende nyumbani na kuambiwa bado. Na vipo vya amri ya keshia, ambako mama ameshajifungua, mtoto ananyonya, mshono umekauka, naye bado analala palepale kwa sababu fakitire haijalipwa. Mlinzi wa geti ana orodha. Wengine hukaa hivyo majuma, ndugu wakichanga franka kwa franka, na kitanda kinaendelea kuhesabiwa huku deni likinenepa kuliko mtoto. Hili nalo lipange ukiwa bado na tumbo: likelemba yako iwe zamu yako mwezi wa kujifungua, na ukoo wa mume uitwe kikao kabla, siyo baada, kwani mtoto akishalia kila mmoja huamini mwenzake amekwisha kulipa.

Na ukiruhusiwa, iwe Alhamisi ukiweza. Ijumaa daktari husaini mchana, karatasi hufika kwenye dirisha la keshia likiwa limeshafungwa, na mwenye kusaini Ijumaa hulala hadi Jumatatu, kila usiku kwa bei yake. Bidoni zako usizihangaikie. Jirani wa kitanda cha pili amekwisha kuziomba tangu juzi, ukiwa bado umempa kisogo.